Kombe la Fahali Namboboto

Mtu akikwambia kwamba ametoka Mombasa mpaka mpakani mwa Uganda, mwendo wa kilomita karibu elfu moja, na huko akashinda siku nzima akitazama kandanda la vijana wasiokuwamo katika ligi yoyote, bila shaka utamcheka. Utamwuliza kama televisheni zimekwisha Mombasa. Lakini mimi, ndugu msomaji, sikuondoka nyumbani kwa ajili ya mpira. Nilikwenda Busia kwa arusi ya mtoto wa ndugu yangu, na arusi ilipokwisha nikawa na siku moja ya ziada kabla ya basi la kurudi. Siku hiyo niliitoa kwa Kenya Tuu.

Kenya Tuu si jina alilopewa na mamake. Tulimpa sisi, vijana wa mtaani kwetu kisiwani Mombasa, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wakati huo mlinda lango wa timu ya taifa alikuwa kijana wetu wa Mombasa, Mahmoud Abbas, ambaye mashabiki walimwita "Kenya One". Wenye umri wangu hawahitaji kukumbushwa. Hiyo ndiyo miaka Kenya ilipolitwaa Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983. Na Abbas, mtoto wa Pwani, alichezea AFC Leopards, klabu ya Waluhya iliyoanza mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya, baada ya vilabu vidogo vidogo vya koo na tarafa kuunganishwa, kile cha Wasamia kikiwa miongoni mwao.

Basi sisi tulikuwa na kinyume chake. Timu yetu ya mtaa, iliyojaa watoto wa Kiswahili, Wabajuni na Waarabu, ilikuwa na mlinda lango Msamia kutoka Namboboto, kuli wa bandarini, mrefu kama mnazi. Ikiwa Mswahili anawalindia Waluhya lango, nasi Mluhya anatulindia letu. Tukamwita Kenya Tuu, akafurahi nalo, likamganda.

Mwaka 1988 aliacha kazi bandarini akarudi kwao. Tangu hapo tumejuliana hali kwa barua na baadaye kwa simu: nani kazaa, nani kafariki. Aliposikia kwamba niko Busia, akapiga simu usiku.

"Kepteni," akasema, maana mimi ndiye niliyekuwa nahodha wao, "kesho njoo kwetu. Kuna fainali ya kombe. Mshindi anachukua fahali."

Niliondoka Busia saa mbili asubuhi. Mji ule umeukalia mpaka kama mtu aliyekalia ua, mguu mmoja huku na mmoja kule. Malori yamepanga foleni, wabadilishaji fedha wana mabunda mkononi, na wanawake wanapita na mizigo vichwani kwenda Uganda kama wanaokwenda jikoni kwa jirani. Tangu mwaka 2018 kuna kituo kimoja cha forodha kinachohudumiwa na pande zote mbili, lakini wenyeji walikuwa na huduma yao kabla ya hicho. Ni huku mpakani ndiko neno bodaboda lilikozaliwa, wakati vijana walipokuwa wakiwabeba wasafiri kwa baiskeli kutoka "boda" hii mpaka "boda" ile. Leo neno limefika mpaka Lamu, na baiskeli imekuwa pikipiki.

Matatu yetu ilifuata barabara kuu ya Kisumu kwa kitambo, kisha ikakata kulia kuelekea Funyula. Tukauvuka mto Sio. Upande wa mbele vilima vya Samia vikajitokeza, vimejaa majabali makubwa yaliyopandana kama magunia ghalani. Vilima hivyo vina chuma. Wasamia wa kale walikuwa wahunzi mashuhuri, wakiyeyusha mawe na kufua majembe yaliyouzwa mbali na kutolewa mahari. Nilipokuwa nikimtania Kenya Tuu zamani kwamba mikono yake ni ya chuma, hakukasirika. Alijibu tu kwamba ndiyo kazi ya babu zake.

Alinipokea kituoni. Mnazi umepinda kidogo na kilele kimekuwa cheupe. Tulishikana mikono, tukaachana, tukashikana tena, wala hapakuwa na aliyejua la kusema. Mwishowe akasema, "Mulembe, Kepteni," nami nikajibu "Mulembe", ndilo neno lao la amani, kama sisi tunavyosalimiana kwa amani.

Nyumbani kwake nilikuta kuku amefungwa miguu chini ya mwembe, na kisu kimenolewa kimewekwa juu ya jani la mgomba. "Hajaguswa," akaniambia. "Nilikaa Mombasa miaka kumi na mbili, najua. Tumekungoja wewe na Bismillahi yako." Mkewe akacheka. Nilimchinja kuku. Baadaye akanionyesha kibarazani mkeka safi na upande wa kuelekea. Kwetu Mombasa kibla ni kaskazini moja kwa moja. Kule unageuka kidogo kuelekea mashariki. Nikamwuliza amejuaje. Akasema amemwuliza mfanyabiashara mmoja wa Mumias anayepita sokoni. Nilifurahi kulisikia jina hilo, maana misafara ya wazee wetu wa Pwani ilifika Mumias tangu karne ya 19, na Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga aliyefariki mwaka 1949, alisilimu kwa ujirani huo. Nikasali adhuhuri na alasiri pamoja, sala ya msafiri.

Tulikula ugali wa rangi ya udongo, uliochanganywa unga wa mtama na wa muhogo, kwa mchuzi wa kuku. Nikiwa nimeshika tonge mkononi, akaniuliza:

"Kepteni, kile kiwanja chetu kipo?"

Nikalitumbukiza tonge katika mchuzi. Nikamjibu kwamba Mombasa siku hizi imejaa majumba, akienda hataijua. Kisha nikamwuliza habari za wajukuu. Aliniangalia kidogo, akanipa habari za wajukuu.

Saa tisa tulikwenda uwanjani. Ni kiwanja kilicho kando ya shule ya msingi, kimeteremka kidogo upande mmoja, hata timu inayoshambulia kuelekea chini ina faida ya kipindi kizima. Magoli ni miti ya mikaratusi. Nyavu ni nyavu za samaki zilizochakaa, zimeletwa kutoka Sio Port ziwani, nazo zina matundu ambayo hata papa wetu angepita. Chini ya mvule mmoja mkubwa alifungwa fahali mwekundu, na utepe katika pembe. Watoto walimzunguka kumpima unene, kila mmoja akimgawa kwa macho.

Mashindano yenyewe ni rahisi kuyaeleza. Mwisho wa mwaka, walio kazini Nairobi, Kisumu na Mombasa hurudi makwao. Timu nane za vijiji huandikishwa, kila moja inatoa ada yake, na kutokana na ada hizo na michango ya wenye uwezo ananunuliwa fahali. Hakuna mshahara wala jezi za mdhamini. Hakuna hata moja katika timu hizo iliyomo katika ligi ya wilaya. Wamo mwalimu, mvuvi, mwendesha pikipiki, mwanafunzi wa chuo na fundi wa mabati, wote uwanja mmoja.

Fainali ya siku hiyo ilikuwa kati ya wenyeji, waliovaa buluu, na vijana wenye jezi za manjano waliotoka ng'ambo ya mto Sio, yaani Uganda. Nilidhani ni mechi ya kimataifa. Kenya Tuu akanicheka. "Kimataifa cha nini? Yule namba sita ni mtoto wa dada yangu."

Na hapo, ndugu msomaji, pana historia. Zamani nchi hii yote ilihesabiwa kuwa Uganda. Mwaka 1902 Waingereza walilitoa Jimbo la Mashariki la Uganda wakalitia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Kalamu iliyoandika hivyo haikuuliza nani kaoa wapi. Wasamia wakabaki wengine huku na wengine kule, lugha moja, koo zile zile, bendera mbili. "Tuna mahali pawili pa kukutana," mwenzangu akaniambia. "Mazishini na hapa. Mazishini watu hawacheki."

Akanieleza pia habari ya kiwanja chenyewe. Ardhi ile ilitolewa na wazee wa ukoo zamani, pamoja na ile ya shule, nao wakapanda miti katika pembe nne ili mpaka usibishaniwe. Miaka ya nyuma alifika mtu na kamba ya kupimia, akasema ana karatasi. Siku hiyo palikuwa na mazoezi. Vijana hawakumpiga wala hawakumtukana, waliendelea kucheza. Kila alipoinyosha kamba, mpira ukapita juu yake na watu ishirini na wawili wakaufuata. Jioni akakunja kamba yake akaondoka, na wazee wakaenda kuifuata hati mpaka ikapatikana. Alinisimulia hayo huku akicheka, nami nilicheka pamoja naye, lakini moyo wangu haukucheka.

Kipenga kikalia saa kumi kasoro. Sitawachosha kwa kila pasi. Wenyeji walianza wakishambulia kuelekea chini, wakapata bao dakika ya ishirini kwa kichwa cha yule mwalimu, ambaye wanafunzi wake walimpokea kwa kelele wasizothubutu kumpigia darasani. Baada ya mapumziko mteremko ukawageukia wageni. Namba sita, mpwa wa rafiki yangu, akasawazisha kwa mpira wa adhabu uliozunguka ukuta wa wachezaji kama nyoka azungukavyo mti. Moja kwa moja. Mlinda lango wa wenyeji, kijana wa miaka kumi na tisa, aliruka akaupata upepo tu. Huyo alikuwa mjukuu wa Kenya Tuu.

Sisi tulikaa nyuma ya goli lake. Walinda lango wastaafu hawakai kwingine. Mzee alikuwa na kigoda chake, na kila mpira ulipokuja alijivuta bega kushoto au kulia, kama mwenye kulinda yeye.

Zilisalia dakika chache, watu wakianza kusema habari za penalti, ndipo mshambuliaji wa wageni alipoachia mkwaju kutoka pembeni. Mpira ulipita karibu kabisa na mwamba wa kushoto, ukatokea nyuma, ukamgonga mbuzi aliyekuwa akila majani. Wageni wakainua mikono: bao! Wenyeji wakainua mikono: nje! Mshika kibendera alikuwa ameanguka akikimbia, hakuona. Refa alikuwa mbali. Wavu ulitikisika, lakini wavu ule hutikiswa hata na kuku.

Watu wakaingia uwanjani. Nilisikia maneno ya Kisamia yakipanda juu, sikuyaelewa yote, lakini ghadhabu haihitaji mkalimani. Nahodha wa wageni akawaita wenzake wavue jezi waende zao. Mmoja akasema kwa Kiswahili, ili wote wasikie, "Hatutakuja tena huku. Kombe lenu chezeni wenyewe."

Maneno hayo niliyajua. Nimewahi kuyasikia mahali pengine.

Refa, kijana mwenye busara kuliko umri wake, hakubishana na mtu. Aliukata umati akaja mpaka kwenye kigoda. Sheria za FIFA hazimjui mzee wa nyuma ya goli, lakini Namboboto inamjua. Akauliza, "Kuka, mpira umepita wapi?" Kuka kwao ni babu.

Pakanyamaza. Upande wa kushoto wenyeji wote, majirani zake, waliochangia fahali. Mbele yake mjukuu wake, ameshika mwamba wa goli, anamtazama. Niliona koo la mzee likipanda na kushuka.

"Ndani," akasema. "Umetokea kwenye tundu la wavu. Lile pale."

Akanyosha fimbo yake kulionyesha. Refa akapuliza kipenga, akanyosha mkono katikati ya uwanja. Kijana wa langoni akainamisha kichwa. Hakusema neno, lakini sikumwona akipinga, nami nadhani na yeye alijua.

Palikuwa na manung'uniko, na mama mmoja akamwambia mzee maneno ambayo hakukubali kunitafsiria. Lakini ni nani angemkanusha? Mpira ukaendelea kwa dakika zilizosalia, wenyeji wakashambulia kwa hasira zote, hawakupata. Mbili kwa moja. Fahali ni wa ng'ambo.

Hapo likazuka jambo jingine la kuchekesha. Mchezaji huvuka mpaka kwa kitambulisho, lakini ng'ombe anataka karatasi za daktari wa mifugo na za forodha, na fahali huyu hakuwa nazo. Washindi walimzunguka wakajikuna vichwa. Mwisho likaamuliwa jambo ambalo nadhani lilikuwa limeamuliwa tangu zamani: nusu ya thamani yake wapewe fedha, na mnyama achinjwe pale pale kesho yake, waje na jamaa zao, waliwe na walioshinda na walioshindwa. Yule nahodha aliyekuwa akivua jezi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza waje saa ngapi.

Tulirudi nyumbani kwa miguu jua likitua upande wa Uganda. Nikamwambia, "Kenya Tuu, umempokonya mjukuu wako fahali."

Akatembea kidogo kabla ya kujibu. "Kepteni, wale wakiondoka kwa hasira hawarudi. Mwakani timu zitakuwa saba, mwaka wa pili tano. Halafu nani atafyeka majani? Uwanja usiochezewa hupata mwenyewe."

Nilisimama njiani. Hakulisema neno lile kwa kunichoma, maana hakuwa akijua. Lakini lilinijia kama mkwaju usiozuilika. Nikaona sina budi kumjibu lile swali la mchana.

Nikamwambia kwamba kiwanja chetu hakipo. Nikamwambia na sababu, ambayo sijapata kuiandika mahali mpaka leo. Mwaka mmoja baada ya yeye kuondoka palikuwa na fainali ya kombe la mitaa. Palitokea bao la ubishi kama hili. Mimi nilikuwa karibu, nikauona mpira ukigonga ndani ya mstari, na refa aliponiuliza kama nahodha nikasema haukuingia. Tukashinda. Wale wa mtaa wa pili wakaapa kutocheza nasi tena, wakatimiza. Mwaka uliofuata timu zilikuwa chache, uliofuata hapakuwa na kombe. Majani yakaota. Vijana wakahamia kwenye vibanda kutazama mpira wa Uingereza, wakagombana kwa ajili ya vilabu vya London na Manchester ambavyo havitajua kamwe kuwa wao wako duniani. Kisha malori yakaanza kulala pale, mwanzo kwa kuomba, baadaye bila kuomba. Siku moja tukaamka tukakuta ukuta. Tulipokwenda kuuliza, tukaulizwa: nyinyi ni nani, na mlikuwa mkikitumia lini? Hatukuwa na jibu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atanilaumu. Aliuliza neno moja tu: "Na kombe lenyewe liko wapi?"

"Kwangu," nikasema. "Juu ya kabati. Limeota kutu."

Hakuniuliza zaidi. Alinisindikiza mpaka kwenye matatu ya mwisho, akanipa kifurushi cha njugu na samaki wa kukaushwa kwa ajili ya nyumbani.

Njiani kurudi Busia nilifikiri mengi. Sisi watu wa Pwani ndio tulioufahamu mpira mapema, na mwaka 1965 Feisal ya Mombasa ilikuwa bingwa wa ligi ya Kenya. Tena sisi ndio wenye elimu ya kuifunga ardhi isiuzwe, isirithiwe, isitolewe zawadi, tangu Sayyidna Omar alipoiwekea wakfu ardhi yake ya Khaibar kwa shauri la Mtume, rehema na amani zimshukie. Tumeweka wakfu misikiti, makaburi, visima na mashamba ya minazi. Sijasikia mtaani kwetu aliyeweka wakfu mahali pa watoto kuchezea, na Bibi Aisha alisimama nyuma ya Mtume akawatazama Wahabeshi wakicheza kwa mikuki yao ndani ya msikiti wenyewe.

Wazee wa Namboboto walipanda miti minne na kufuata hati. Kisha vijana wao wanacheza kila mwaka, na anapotokea mwenye kuudhulumu mchezo, hata kwa faida yao, pana mtu wa kumwambia "ndani". Katiba ya mwaka 2010 inatambua ardhi ya umma na ardhi ya jamii, lakini sheria humfaa aliyekuja nayo mkononi kabla ukuta haujajengwa.

Kwa hiyo nina ombi kwa msomaji wa Mombasa, Malindi, Lamu au Vanga. Ikiwa mtaani kwenu kingalipo kiwanja, Ijumaa hii baada ya sala waulizeni wazee hati yake iko kwa nani. Na jioni yake pelekeni mpira.

Ama mimi, nilipofika nyumbani nililishusha lile kombe kutoka kabatini, nikalisugua kwa majivu na ndimu. Watu wa mtaa wa pili niliowadhulumu, wawili wangali hai. Nimeshampelekea salamu mmoja wao kwamba nina kitu chake.